Kufuta na Kusahihisha katika Daftari la Watu Wengi

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi iliyo ngumu katika kompyuta ni kuandika mambo mapya. Kwa kweli kuandika si kazi ya hatari sana. Ukiliandika jina la mtu mara mbili, kesho utaliona na kulirekebisha. Kazi zenye hatari ni mbili: kubadili yaliyokwisha andikwa, na kuyafuta. Mstari uliofutwa hauna mdomo wa kusema, "Mimi nilikuwapo hapa." Katika makala hii nataka kuwaeleza wenzangu jinsi amri za kubadili na za kufuta zilivyoandikwa zamani katika mfumo mmoja mashuhuri wa kompyuta, kwa nini namna ile ya zamani imewekwa kando, na jinsi ya kuiondoa na kutia namna mpya bila ya kuharibu mali ya mtu.

Tuanze na jambo tulijualo sote. Hapa Kibuli kila duka lina daftari la madeni. Mwenye duka huandika jina la mtu, alichochukua, na fedha anazodaiwa. Akitaka kufuta madeni ya zamani, huchukua kalamu na kupiga mstari. Hakuna matata, kwa kuwa daftari ni lake peke yake. Lakini sasa wazia maduka matatu yaliyo katika nyumba moja, ambayo wenyewe wamekubaliana kuajiri karani mmoja na kununua daftari moja kubwa. Ili madeni yasichanganyike, kila mstari unaanza kwa namba ya duka: 100, 200, au 300. Siku moja mwenye duka la 200 anamwambia karani, "Futa madeni yote ya mwaka 2019." Karani akisahau kuitazama ile namba ya mwanzo, atayafuta na madeni ya duka la 100 na la 300. Wale wenye maduka wengine hawakutoa amri yo yote, wala hawatajua mpaka siku watakapokwenda kudai.

Daftari la namna hiyo katika kompyuta huitwa jedwali, na majedwali mengi yakiwekwa pamoja huitwa hifadhidata. Jedwali lina mistari, na kila mstari umegawanywa katika safu: safu ya jina, safu ya mwaka, safu ya fedha, na kadhalika. Siku hizi majedwali mengi makubwa ni ya watu wengi. Hapa Uganda, Wizara ya Fedha ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutumia mfumo wa fedha uitwao IFMS, ambamo wizara na wilaya nyingi huweka hesabu zao. Kadhalika taarifa za hospitali na zahanati zetu hukusanywa katika mfumo uitwao DHIS2, ambao asili yake ni Chuo Kikuu cha Oslo katika nchi ya Norway. Kila mmoja ana sehemu yake, lakini nyumba ni moja.

Mfumo ninaotaka kuueleza hasa ni ule wa kampuni ya SAP ya Ujerumani. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1972 na watu watano waliotoka katika kampuni ya IBM, nao ni Dietmar Hopp, Hasso Plattner, Klaus Tschira, Claus Wellenreuther na Hans-Werner Hector. Kazi yao ya kwanza ilikuwa katika kiwanda cha nailoni cha kampuni ya ICI huko Östringen. Mwaka 1992 walitoa mfumo ulioitwa R/3, na mwaka 2015 wakatoa ule uitwao S/4HANA. Mifumo yao hutumiwa na makampuni makubwa katika nchi nyingi. Kwa jirani zetu wa Kenya, shirika la kuzalisha umeme la KenGen ni mojawapo ya mashirika yaliyotumia mfumo wa SAP katika shughuli zake. Lugha ambayo wataalamu huutumia kuuandikia mfumo huo programu zake huitwa ABAP.

Mteja ni nani?

Katika mfumo wa SAP kila mwenye sehemu yake huitwa mteja. Msomaji asidanganywe na neno hili. Mteja huyu si yule ajaye dukani kununua sukari. Wajerumani humwita Mandant, na neno hilo kwao hutumika kwa mtu aliyemkabidhi wakili shauri lake. Basi mteja katika SAP ni kampuni, au idara, au hata sehemu ya majaribio na mafunzo, iliyoukabidhi mfumo mambo yake. Kila mteja ana namba yenye tarakimu tatu, na orodha ya wateja wote huandikwa katika jedwali liitwalo T000.

Majedwali yaliyogawanywa kwa wateja yana safu ya kwanza ya namba hiyo, na aghalabu safu hiyo huitwa MANDT. Yako na majedwali mengine yasiyo na safu hiyo. Hayo ni ya wote, na atakayebadili mstari ndani yake amewabadilia wateja wote.

Tuseme basi kwamba shule tatu zinatumia mfumo mmoja, na jedwali la ada linaitwa ZADA. Shule hizo ni za kubuni tu, na namba zao ni 100, 200 na 300. Mtu wa shule ya 200 akiingia katika mfumo, huingia kwa namba yake. Akitoa amri ya kawaida ya kufuta, kompyuta yenyewe huongeza kwa siri sharti la kuwa mistari iguswe ya mteja 200 tu. Hahitaji kuandika namba, wala kuikumbuka. Huu ndio ulinzi wa kwanza, na ndio ulio bora. Amri yenyewe ni hii:

DELETE FROM zada
  WHERE mwaka = '2019'.

Maana yake: futa katika jedwali la zada mistari ambayo mwaka wake ni 2019. Shule ya 100 na ya 300 hazikuguswa.

Namna ya zamani

Lakini ziko kazi ambazo hazina budi kuvuka mpaka. Mathalani, msimamizi wa mfumo aliyeingia kwa namba 100 atakiwa kusafisha mistari ya mteja 200. Kwa kazi hiyo, lugha ya ABAP ilikuwa na maneno mawili, CLIENT SPECIFIED, yaani "mteja atatajwa na mwandishi." Maneno hayo yakitiwa katika amri, ule ulinzi wa siri huondoka, na kazi ya kutaja mteja humwangukia mwandishi wa programu mwenyewe:

DELETE FROM zada CLIENT SPECIFIED
  WHERE mandt = '200' AND mwaka = '2019'.

Amri hii ni sahihi, nayo itafanya kazi iliyokusudiwa. Lakini tazama jinsi ulinzi wote ulivyoning'inia juu ya kipande kimoja kidogo, mandt = '200'. Mwandishi akikisahau, au mwingine akikiondoa baadaye akidhani hakina kazi, amri itabaki hivi:

DELETE FROM zada CLIENT SPECIFIED
  WHERE mwaka = '2019'.

Kompyuta haitauliza kitu. Itafuta mistari ya mwaka 2019 ya wateja wote, na kwa upande wake imetii.

Uko na mtego wa pili ambao ni mbaya zaidi, kwa sababu namba ya mteja imeandikwa, na macho yanaiona. Likizo iliyopita kaka yangu, afanyaye kazi ya programu mjini, alinionyesha amri hii katika karatasi:

DELETE FROM zada CLIENT SPECIFIED
  WHERE mandt = '200' AND mwaka = '2018'
     OR mwaka = '2019'.

Akaniuliza, "Mdogo wangu, amri hii inafuta mistari ya nani?"

Nikaisoma polepole, nikamjibu, "Kaka, ya mwaka 2018 ni ya mteja 200 tu. Lakini ya mwaka 2019 ni ya wote."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu AND hushika kwanza kuliko OR, kama vile katika hesabu kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha. Namba 200 imefungwa na mwaka 2018 peke yake."

Akasema, "Basi jua kwamba watu wenye elimu kubwa wameipita amri ya namna hii mara kumi bila ya kuuona mtego huo."

Namna mpya

Kwa sababu ya mambo kama haya, vitabu vya lugha ya ABAP vimeyaweka maneno CLIENT SPECIFIED katika orodha ya mambo yaliyopitwa na wakati. Mahali pake pamewekwa neno USING, yaani "kwa kutumia," na baada yake mteja hutajwa hapo hapo:

DELETE FROM zada USING CLIENT '200'
  WHERE mwaka = '2018'
     OR mwaka = '2019'.

Tofauti yaweza kuonekana ndogo, lakini ni kubwa. Ulinzi haukuondolewa. Umegeuzwa tu uelekee kwa mteja 200 badala ya yule aliyeingia. Mteja hatajwi tena katikati ya masharti mengine, bali ametajwa mlangoni, na sharti hilo limeyafunika yote yaliyo ndani. Ile OR haina tena njia ya kutoka nje. Na mwandishi akisahau kutaja mteja, ulinzi wa kawaida hurudi na kumzuia katika sehemu yake mwenyewe. Zamani kusahau kuliwaharibia watu wote. Sasa aliyesahau hawagusi wengine.

Amri ya kubadili huenda kwa njia hiyo hiyo. Ya zamani ilikuwa hivi:

UPDATE zada CLIENT SPECIFIED
  SET baki = 0
  WHERE mandt = '200' AND namba = '0417'.

Na mpya ni hii:

UPDATE zada USING CLIENT '200'
  SET baki = 0
  WHERE namba = '0417'.

Hapa twaona faida nyingine. Katika kila shule aweza kuwapo mwanafunzi mwenye namba 0417. Katika amri ya zamani, kipande cha mandt kikipotea, wanafunzi watatu wangesamehewa ada kwa pigo moja, na wahasibu wa shule mbili wangetafuta fedha zisizoonekana.

Ikiwa kazi ni ya wateja kadha wa kadha, huandikwa USING CLIENTS IN pamoja na orodha yao. Na ikiwa ni ya wote kweli, huandikwa USING ALL CLIENTS, yaani kwa wateja wote. Hili la mwisho nalipenda sana. Zamani kuwagusa wote kulitokea kwa kunyamaza; sasa anayetaka kuwagusa wote sharti aseme waziwazi, na kila asomaye programu yake atamwona.

Jinsi ya kuibadili

Mtu aliyepewa programu ya zamani asikimbilie kubadilisha neno kwa neno kama mtu anayebadilisha balbu ya taa. Yafaa afuate hatua hizi.

Kwanza, aulize amri ilikusudia kumgusa nani. Mara nyingi ataona kwamba namba iliyotajwa ni ya mteja yule yule aliyeingia. Basi hapo hakuna haja ya neno lo lote. Aondoe maneno ya zamani na kipande cha mandt, na ulinzi wa kawaida utatosha. Ikiwa amri haina kipande cha mandt kabisa, asifanye haraka kudhani kwamba ni kosa. Pengine mwandishi wa kwanza alitaka wateja wote, naye akitia mteja mmoja tu, takataka za wengine zitabaki humo bila ya mtu kujua.

Pili, akitia USING CLIENT, sharti aondoe kipande cha mandt katika masharti. Viwili hivyo havikai pamoja. Kompyuta humwonya mwandishi, na katika kanuni zilizo kali zaidi huikataa amri yake.

Tatu, kabla ya kufuta ahesabu. Amri ya SELECT COUNT( * ) yenye masharti yale yale itamwambia ni mistari mingapi itakayoguswa. Aihesabu kwa namna ya zamani na kwa namna mpya. Hesabu zikilingana, vema. Zikitofautiana, asiseme kwamba namna mpya ina kasoro. Huenda ameukuta mtego kama ule wa OR, na tofauti ile ni mistari ya watu wengine iliyokuwa ikifutwa siku zote.

Nne, baada ya amri kupita atazame hesabu iliyowekwa katika sy-dbcnt, ambamo kompyuta huandika idadi ya mistari iliyoguswa. Ikiwa si ile aliyoitarajia, aweza kurudisha yote nyuma kwa ROLLBACK WORK, maadamu hayajathibitishwa. Lakini asichelewe. Katika mfumo huu kompyuta huthibitisha yenyewe pale skrini moja inapokwisha na nyingine kufunguliwa, na baada ya hapo hakuna kurudi.

Tano, ajaribu kwanza katika mfumo wa majaribio ulio mbali na ule wa kazi. Mteja wa majaribio aliye katika hifadhidata moja na mteja wa kweli si mahali salama pa kujaribia amri zinazovuka mipaka.

Namna mpya isichoweza kufanya

Haifai kuisifu namna mpya kupita kiasi. Haimzuii mtu mwenye nia mbaya. Amri hizi hazimuulizi mtu ana ruhusa gani. Ruhusa hukaguliwa kwa amri nyingine, iitwayo AUTHORITY-CHECK, na mwandishi asiyeiweka ameacha mlango wazi. Wala haimzuii mtu kuandika 300 mahali pa 200. Inachofanya ni kimoja: inamlazimisha aseme mistari ni ya nani kabla ya kuigusa, mahali ambapo mwenzake aweza kuona.

Pengine msomaji atasema, "Mambo haya ni ya mafundi, yananihusu nini mimi?" Yanatuhusu sote. Namjua mzee mmoja, jirani yetu, aliyekuwa akiweka akiba katika chama fulani kwa muda wa miaka sita. Siku moja alikwenda kutoa fedha za ada ya mjukuu wake, akaambiwa, "Mzee, kompyuta haikuoni." Baadaye ilijulikana ya kuwa hesabu za zamani za tawi moja zilikuwa zimefutwa, na zake, ambazo zilikuwa za tawi jingine, zikaenda pamoja nazo. Mzee huyo alikuwa amezitunza stakabadhi zake zote ndani ya mfuko wa nailoni, na kwa stakabadhi hizo ndipo aliporudishiwa haki yake, baada ya kwenda na kurudi kwa miezi mitatu. Chama kile hakikutumia mfumo wa SAP, lakini ugonjwa ni ule ule: daftari moja, wenye wengi, na mkono uliofuta bila ya kuulizwa, "Ya nani?"

Sheria nayo imekwisha kuliona jambo hili. Uganda ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha mwaka 2019, na Kenya ikapitisha ya kwake mwaka huo huo. Tanzania ikafuata mwaka 2022. Sheria ya Uganda inamtaka atunzaye habari za watu azilinde zisipotee wala kuharibiwa, na inampa mwenye habari haki ya kuomba zisahihishwe au zifutwe. Lakini haki hiyo ni yangu juu ya habari zangu. Nikiomba mstari wangu ufutwe, sikuomba wa jirani yangu ufutwe pia. Kwa hiyo kuifuata sheria kwategemea, mwisho wa yote, amri moja iliyoandikwa vizuri na mtu aliyeketi mbele ya kompyuta.

Wenzangu wengi katika kidato chetu wanakusudia kujifunza kazi ya programu. Nawaomba wasione haya kupewa kazi ya kurekebisha programu za zamani, wakidhani kwamba heshima iko katika kuandika mpya tu. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Siku hizi mali yaweza kupotea hata ikiwa na daftari, ikiwa aliyeshika kalamu hakutazama namba iliyo mwanzo wa mstari.